Kamusi Ilinipa Haki, Mtindi Ukabaki

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwalimu wa Kiingereza alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda cha shemeji yangu, akasoma bango nililolichora, akacheka.

Bango lilisema YOGHOURT. Shemeji, mjane wa kaka yangu, anauza mtindi karibu na stendi ya Bariadi. Wateja wake huomba mtindi kwa Kiswahili au Kisukuma, lakini ofisa mmoja alimwambia Kiingereza kinaleta heshima. Nikamletea heshima. Mimi ni mchoraji wa mabango, nimeishia darasa la saba, na Kiingereza nilikisoma kwenye kamusi, kurasa mbili kila siku. Humo niligundua kwamba maneno mengi yana tahajia mbili au tatu, na ile adimu huwekwa mwisho, kama mgeni aliyechelewa. Hiyo ndiyo nilikuwa nachagua siku zote. Ukiandika kama kila mtu, nani atajua umesoma?

Mwalimu naye hufundisha Kiingereza kwa Kiswahili, na kamusi ya shule ameifungia kabatini isichafuke. Lakini ndiye aliyeongoza kamati ya chakula cha mahafali. Shemeji alikuwa amemwandalia lita arobaini, maziwa ya kununua kwa wafugaji wa Sapiwi, na asubuhi hiyo mwalimu alikuja kuthibitisha.

"Mwangaluka," akasalimia.

Kwetu salamu haina njia ya mkato. Unaitikia, unauliza nyumbani, ng'ombe, mvua, ndipo mnaingia kwenye biashara. Mimi, kwa kile kicheko chake, nilikuwa nimeshafungua kamusi kwenye neno la bangoni.

"Ukurasa huu. Soma mwenyewe, mwalimu."

"Sijamaliza kusalimia, fundi."

"Soma kwanza. Lile la mwisho kabisa."

Madereva wa bodaboda wakasogea. "Mwalimu kakamatwa!" akapaza sauti mmoja. "Mrudisheni darasa la saba akakae na fundi!" akadakia mwingine.

Mwalimu alisoma midomo ikicheza. Kisha akaifunga kamusi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Umepatia," akasema. Akamgeukia shemeji, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, usinielewe vibaya. Mtindi wa mahafali tutachukua kwingine."

Akawasha pikipiki. Madereva wa bodaboda, waliokuwa upande wangu dakika moja iliyopita, wakakumbuka kwamba wana abiria.

Shemeji alizitazama ndoo, kisha akanitazama mimi.

"Umeshinda, shemeji?"

"Nimeshinda."

"Haya. Chukua kikombe uanze kunywa."

Hadi kesho yake jioni alikuwa ameuza lita kumi na tano. Zilizobaki zilichacha mpaka hata mbwa wa stendi wakazipita. Nikazilipa mimi, bila kuombwa, lita ishirini na tano kwa bei yake ya shilingi elfu tatu. Bango sijalifuta, kwa kuwa halina kosa. Limenigharimu shilingi elfu sabini na tano.