Kijerumani cha Macho Makavu

Mwaka 1953, nikiwa na miaka kumi na sita, mamba alimchukua baba yangu akioga ziwani, na shida zikaanzia hapo. Mdogo wake akamrithi mama. Alimpiga kwa fimbo ya kuchungia ng'ombe, mchana kweupe, majirani wakisikia. Mimi nilikuwa na darasa la pili tu. Nikaapa kumtoa mama mle ndani, na cha kumtolea ni kazi, si kingine.

Kazi niliipata kiwanda cha kuchambua pamba, kwa fundi mitambo Mjerumani. Kiswahili hajui, Kiingereza hataki. Anayetaka kubaki naye ajifunze chake. Shule yenyewe ilikuwa hivi: ananyoosha mkono anasema, "Tsange!" Ukimpa nyundo badala ya koleo, teke. Nilijua koleo, skrubu na mafuta kwa lugha yake kabla uvimbe wa paja haujapoa. Wenzangu walikimbia. Mimi nikimbilie wapi?

Majina ya vyuma hayakunishinda. Kilichonishinda ni salamu. Kila asubuhi ananipa mkono, "Guten morgen," nami, kama mtoto aliyelelewa, nashika kiwiko changu, nainama, macho chini. Kofi! "Shau mikh an!" Nitazame. Kwao anayekwepa macho ni mwizi. Alinizaba mpaka nikazoea kusimama wima, mkono mmoja, macho yangu ndani ya yake. Akasema, "Gut." Nilivimba kichwa, sikatai.

Siku moja mchana nikaenda nyumbani kula, baba mdogo kakaa mlangoni. Mwili ukajiendea wenyewe: nikasimama wima, nikampa mkono mmoja, nikamkazia macho.

"Shikamoo, baba."

"Unamtazama nani hivyo?"

"Nakusalimu, baba."

"Shikamoo gani ya macho makavu? Umeota nywele za Kizungu? Shusha macho!"

Sikushusha. Fimbo ikanipasua nyusi. Mama akatoka mbio, akapiga magoti: "Msamehe, kazi imemchosha!" Fimbo ya pili ikamshukia yeye mdomoni. Akatema jino. Hapo nikaikamata ile fimbo, nikampiga nayo baba mdogo mkononi mpaka nikasikia mfupa. Alilia kama ndama. Nasema wazi, sijajuta.

"Mama, inuka twende."

"Kwa nani, mwanangu?"

"Kwa Mjerumani."

"Si ndiye anayekupiga?"

"Huyo huyo. Wewe hatakupiga."

Tulifika kengele imeshalia. Fundi akanizaba kwanza kofi la kuchelewa, damu ya nyusi ikamrukia shati. Nikamkazia macho, nikatoa maneno niliyokuwa nayo: "Main muta. Haus nain." Mama yangu, nyumba hakuna. Akamtazama mama, mdomo umevimba kama andazi. Pole hakusema, neno hilo hakuwahi kunifundisha. Akanitupia ufunguo wa stoo ya magunia. Mama alikaa humo mpaka uhuru, na hakuna mkono uliomgusa tena.

Fundi alirudi kwao, mitambo nikabaki nayo mimi wa darasa la pili.

Leo nina nyumba ya matofali Pasiansi. Karakana yenye mashine mbili za kuchonga vyuma. Kiwanja Buhongwa. Mitumbwi mitatu ya injini upande wa Kamanga. Kaburi la mama, lililosakafiwa, ndani ya uzio wangu. Ng'ombe ishirini na mmoja.