Fundi wa Mashua na Bawa la Ndege ya Kifaransa

Saa mbili asubuhi, ndani ya banda moja kando ya uwanja wa ndege wa Malindi, Msellem Gharib anabomoa kazi aliyoifanya kwa miezi mitatu. Anashika ubavu wa mbao ndani ya bawa, anausukuma kidogo kwa kidole gumba, nao unaachia bila ubishi. Anauweka sakafuni juu ya wenzake. Huo ni wa thelathini na moja.

"Nimechoka," anasema bila kuinua kichwa. "Andika hivyo hivyo, usipunguze."

Msellem, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ni fundi wa mashua kutoka Mambrui. Tangu Januari mwaka huu wa 1984 analipwa shilingi hamsini kwa siku kufufua ndege ya viti viwili, ya mbao na kitambaa, iliyobuniwa Ufaransa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ili kuwafundisha askari urubani. Mwenye ndege ni Bwana Lucien, Mfaransa mstaafu anayeishi mjini.

Kosa lenyewe ni la mtu wa mashua. Kabla ya kuziunga mbavu, Msellem alizipaka sifa, yale mafuta ya papa.

"Mbao ya mashua usipoipa sifa, bahari itaila. Nikaona na hii niifanyie hisani," anasema.

Lakini mashua hushikwa na misumari. Bawa hushikwa na gundi, na gundi haikai penye mafuta.

Hakuna aliyejua. Kitambaa kilikuwa kiwambwe kesho yake, kifunike kila kitu. Msellem akagusa ubavu mmoja, ukacheza. Angeweza kunyamaza, na inaonekana hilo lilimpitia moyoni. Alikwenda mwenyewe kwa Bwana Lucien, akamwambia kuwa ndege ile ikiruka itaua mtu.

Mfaransa alinuna siku mbili. Siku ya tatu alikuja na makaratasi ya kiwanda, akamsomea. Waliobuni ndege hiyo walilitengeneza bawa mara tatu, la kwanza zito, la pili likitetema, ndipo jeshi likaikubali. Vita vikaanza zikiwa zimetoka kiwandani ndege chache tu.

Kisha akampa hadi Desemba. Ikishindikana, ndege itauzwa vipande vipande.

"Nao walikosea, na shule walikuwa nayo," anasema Msellem. Kucheka anacheka, ila mgongo unamuuma, mistari ya penseli haioni vizuri tena, na mbao za kuanzia upya hazijafika kutoka Mombasa.

Kwao, aliyeunda mashua hupanda siku ya kwanza inaposhushwa majini. Ameshamwambia Bwana Lucien kwamba siku ndege itakaporuka mara ya kwanza, kiti cha mwanafunzi ni chake yeye Msellem.

Mkewe, Khamisa Saad, aliyeleta chai, anaulizwa kama ameridhia.

"Sikumkataza," anasema. "Nimemwambia kila ubavu auunge kama kwamba mimi ndiye nitakayeketi hapo."