Thelathini na Sita na Nusu

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kuzificha sijui. Mume wangu husema ningefaa kuwa askari wa barabarani. Kwa hiyo mpaka leo sijaelewa ni nani aliyekaa akaona kwamba mimi ndiye wa kupiga simu kuwauliza watu wameamkaje. Lakini ndivyo ilivyokuwa mwaka ule wa 2003, Sars, ule ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, ilipoingia Toronto na ofisi ya afya nilikokuwa nafanya kazi ikaanza kuokoteza kila mwenye lugha ya ziada. Nilikuwa karani wa kadi za chanjo za shule. Ijumaa naondoka nimeacha kadi zangu zimepangwa vizuri, Jumatatu nafika nakuta meza imejaa simu.

Kazi yenyewe, ukiisikia, ni ya mtoto. Mtu aliyekaa karibu na mgonjwa anafungiwa nyumbani siku kumi. Asubuhi na jioni unampigia: joto la mwili kiasi gani, unakohoa, pumzi ikoje. Unaandika. Siku kumi zikipita bila homa, anafunguliwa, kwaheri. Ukiwa na akili timamu utasema hapo kuna ugumu gani?

Jamani. Ndani ya wiki moja fomu ilibadilishwa mara tatu, na katika hiyo ya pili walisahau kuweka kikohozi. Faksi ilikuwa inatema karatasi za watu waliokwisha kufunguliwa, tunawapigia, wanatutukana, na haki yao. Kulikuwa na kijana mmoja wa Scarborough aliyekuwa akiniapia kwamba yuko kitandani, na mimi namsikia dereva wa basi anataja vituo. Nikamwuliza, "Kaka, hicho kitanda chako kinashusha abiria wangapi?" Akakata simu. Nikamwandika, na jioni nikampigia tena, kwa sababu ndiyo kazi.

Katika orodha yangu alikuwamo mama mmoja wa miaka sabini na kitu, Mhindi wa Tanga, Shia, anayekaa ghorofa ya kumi na nne kule St. James Town. Ofisi ilikuwa imemtafutia mkalimani wa Kihindi, kwa kutazama jina tu. Mama akamwambia mkalimani kwa Kiswahili kwamba hasikii hata neno moja, amlete mtu mwenye akili. Nikaletwa mimi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na alikuwa na tabia ya kunisahihisha.

Mkasa wake ulikuwa huu. Mume wake aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Mama akakaa naye kutwa nzima kwenye chumba cha dharura, na kwenye benchi la pili kulikuwa na mtu anakohoa, ambaye baadaye alikutwa na ule ugonjwa. Mzee akalazwa, mama akarudishwa nyumbani na kufungiwa, na hospitali ikafunga milango kwa wageni wote. Mzee kule wodini, kwa maumivu na dawa, Kiingereza kikamtoka chote. Akawa anasema Kiswahili na Kikachi, lugha ya kwao, na hapana anayemjibu. Chakula akakikataa.

"Yule hali mpaka nimlishe," mama aliniambia siku ile ya kwanza. "Tangu alipopata kiharusi. Mkono wangu anaujua."

Muuguzi wa wodi, Mungu ambariki, alikuwa amemwahidi: ukimaliza siku zako kumi, karatasi ya ofisi ya afya ikionyesha huna homa, tutakuvalisha barakoa na joho, utaingia saa moja kila siku umlishe. Kwa hiyo mama alikuwa anahesabu. Kila nikimaliza maswali yangu, yeye alikuwa na lake moja: "Zimebaki ngapi?"

Siku hiyo ya kwanza nilimweleza habari za ule mfuko ulioning'inizwa mlangoni kwake: barakoa, karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza, na kipimajoto. Nikamwambia akiweke chini ya ulimi, asubiri kilie, anisomee namba. Akaniuliza namba nzuri ni ipi. Nikamwambia, kwa wepesi wa mdomo wangu, mtu asiye na homa huwa kama thelathini na sita na nusu.

Mnaona nilipojikwaa. Mimi sikuona.

Jioni: thelathini na sita na nusu. Kesho yake asubuhi: thelathini na sita na nusu. Nilikuwa nafurahi naye, nikimwandikia kwa mwandiko mzuri, kwa sababu wengine wote walikuwa wananipa shida. Huyu alikuwa anapokea simu kabla haijalia mara mbili, anauliza watoto wangu, ananijibu, tunamaliza. Siku ya saba, mchana, msimamizi wetu alipita. Mtu mpole, mkimya, mla karoti mbichi mezani, hajawahi kupandisha sauti, na hilo peke yake lilikuwa linanitia wazimu. Akateremsha kidole kwenye karatasi ya mama, juu mpaka chini, akauliza kama huyu mama ni mtu au ni jiwe.

Nilimjia juu. Nikamwambia wazee wa kwetu hawana joto la kupanda na kushuka hovyo. Sijui niliitoa wapi hiyo. Akasema sawa, ila jioni nimsikilize akipima.

Basi jioni nikapiga, moyoni namwombea msimamizi aibike.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto?"

"Wazima mama. Leo naomba upime hapo hapo na mimi nasikiliza. Kitalia mwishoni."

Nikasikia kabati linafunguliwa na kufungwa, kwa heshima tu nadhani, maana alijua hakimo.

"Hakipo," akasema.

"Hakipo kimekwenda wapi?"

"Nimempa jirani. Huyu binti wa Kikongo wa mlango wa pili. Mwanawe alikuwa anachemka, akaja kugonga analia, hana hata cha kumpimia. Nikifunge kabatini na mtoto wa mwenzangu anaungua?"

"Lini, mama?"

"Siku ile ile ulipokileta."

"Na hizi namba unazonipa siku zote?"

"Si uliniambia mwenyewe? Asiye na homa ni thelathini na sita na nusu. Mimi kila asubuhi najishika shingo, sina homa. Sasa nikupe namba gani nyingine?"

Nilitaka kumgombeza, na maneno yalikuwa mdomoni, lakini kila nililotaka kusema lilikuwa linanirudia mimi. Mama hakudanganya. Niliuliza kama ninavyouliza hali, akanijibu kama mtu anavyojibu hali. Na kile kipimajoto, mwambieni mama yeyote wa Tanga asimpe jirani mwenye mtoto mgonjwa, halafu mje mnisimulie.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa peke yangu mle ofisini ninayejua Kiswahili, na zilikuwa zimebaki siku tatu tu. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Lakini kulikuwa na mtoto mwenye homa mlango wa pili wa mtu aliye karantini, na jirani aliyeingia na kutoka. Nikaenda kwa msimamizi nikamweleza yote.

Mtoto alipelekwa kupimwa usiku huo huo. Ikawa ni homa ya sikio tu. Nikadhani yamekwisha. Kumbe msimamizi ameshika karatasi ya mama. Siku zisizopimwa, akasema, si siku. Hesabu inaanza kesho, moja.

Nilibishana naye mpaka watu wakageuza viti. Nikamwambia namsikia mama mara mbili kila siku, hakohoi, hahemi, sauti yake safi kama yangu. Nikamwambia kuna mzee hali chakula. Akanisikiliza mpaka mwisho, karoti mkononi. Akasema ndani ya ile wodi kuna wagonjwa wengine ambao wana wake pia, na yeye hawezi kuweka sahihi kwenye namba ambazo hakuna aliyezipima. Nilichukia sana, kwa sababu alikuwa na haki. Nikamwomba basi wodini wampeleke japo mtu wa kumsemesha mzee Kiswahili. Akaandika barua. Barua ilijibiwa kwamba wageni hawaruhusiwi. Nikajitolea kusema na mzee kwa simu. Wakasema simu ya wodi ni ya kazi.

Kumpa mama habari ilikuwa juu yangu.

"Moja?" akauliza.

"Moja, mama."

Nilisubiri anitukane. Ningeona afadhali. Akasema, "Yaliyopita si ndwele. Niletee kipimajoto kingine, na huyo binti usimwambie kitu, asije akajiona ana makosa."

Kuanzia hapo tukawa tunapima pamoja. Aliweka mkonga wa simu karibu na mdomo, nasikia anavyopumua kwa pua, nasubiri mlio. Thelathini na sita nukta mbili. Thelathini na sita nukta nane. Hiyo ilimtia hofu, nikamwambia si kitu, anywe maji. Namba zilikuwa zinapanda na kushuka kama za watu wengine, na msimamizi akaridhika. Mama hakuacha kuuliza zimebaki ngapi. Mara moja tu alisema, "Muuguzi kaniambia jana mzee amelamba kijiko kimoja cha maziwa." Akalisema kama mtu anayetaja sikukuu.

Asubuhi ya tano ya hesabu mpya alipokea simu upesi kama kawaida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Watoto?"

"Hawajambo mama. Na wewe?"

"Nashukuru. Ngoja nipime."

Nikangoja. Kikalia.

"Thelathini na sita na nusu," akasema. "Leo ni ya kweli."

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Pumzi?"

"Ipo. Mzee ametutoka alfajiri. Hospitali wamenipigia. Wanangu wanamzika kesho, makaburini kule juu Richmond Hill. Mimi wameniambia nibaki ndani."

Hesabu naijua, sihitaji kufundishwa. Kwa ile ya kwanza, jana yake angekuwa wodini, saa nzima, na kijiko mkononi. Nilijaribu kusema pole, nikasema nisamehe, yakachanganyika, na mimi mwenye mdomo wangu wote nikaanza kulia ofisini mbele za watu. Mama alinisubiri. Aliniacha nilie mpaka nikapata pumzi.

"Umeandika?" akaniuliza.

"Kitu gani, mama?"

"Namba yangu. Iandike, mwanangu, wasije wakanianzishia moja tena."