Karatasi Kifuani: Mpiga Picha wa Baraka na Simu Iliyoingia Bila Hodi

Usijifanye hukuuona ujumbe ule. Ulikuja kwenye simu yako mchana wa jua kali, kwa herufi ndogo za Kifaransa: kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yako, je, ni wewe? Mega za intaneti zilikuwa zinaisha, sufuria ilikuwa inafurika jikoni, ukabonyeza *Oui*, yaani ndiyo, ili ukuondokee machoni. Ukaendelea na shughuli zako.

Na siku ile mama mkimbizi alipoambiwa ahame shamba aliloling'oa visiki kwa mikono yake, uligeuza shingo vilevile.

Makosa hayo mawili yamekutana mwaka huu, na yamemkuta mwanamke mmoja wa Baraka, mji ulio kando ya ziwa, ambaye hana desturi ya kugeuza shingo.

Saa moja asubuhi, Jumamosi, upande wa Mulongwe, karibu na kambi ya wakimbizi. Umande bado umelala kwenye majani ya muhogo. Fanny Byaombe, miaka thelathini na tatu, amesimama mpakani mwa shamba, viatu mkononi, simu mkono wa pili. Mbele yake kuna watu wawili. Mmoja ni Zénon Nshimirimana, mkulima aliyekimbia kutoka Burundi. Mwingine ni Mama Félicité, mwenyeji, ambaye shamba ni la ukoo wake.

"Papa Zénon, shika karatasi ku kifua," Fanny anaamuru. "Hapana, si ku tumbo! Ku kifua, maandishi ituangalie. Mama Félicité, karibia kidogo, haumi huyu."

"Nikaribie, kwani ananioa?" anauliza Mama Félicité, na majirani walioshika kamba ya kupimia wanacheka hadi kamba inalegea.

Hiyo ndiyo kazi ya Fanny. Sokoni Baraka anapiga picha za kadi na za ubatizo kwa faranga 1,500. Shambani anatoza 3,000, na kwa hizo anapiga picha tatu, haziongezeki wala hazipungui: ya kwanza ni karatasi ya mapatano peke yake, ya pili ni mpaka, ya tatu ni watu wote pamoja na mashahidi, mkulima ameishika karatasi kifuani ikiwa imefunguliwa. Wiki nzuri inampa faranga elfu arobaini na tano. Wiki ya mvua inampa matope.

Familia 188 za wakimbizi zimepigwa picha hivyo. Nyingi hazina simu. Karatasi zao zinakaa kwenye nyumba za turubai, na turubai haizuii mvua wala mchwa. Kumbukumbu yao ni simu ya Fanny.

Kwa nini mwenyeji ahangaike na mashamba ya wageni? Muulize, atakujibu bila kupepesa.

"Mi ni mutoto wa muntu mwenye alikosa karatasi."

Mwaka 1996 familia yake ilivuka ziwa kukimbia vita, Fanny akiwa na miaka minne. Baba yake alikuwa ameweka karatasi ya shamba ndani ya kopo la maziwa. Kopo liliingia maji kabla hawajaiona nchi kavu ya Tanzania, na karatasi ikageuka uji. Walikaa kambini miaka kumi. Waliporudi mwaka 2006, mtu mwingine alikuwa analima pale, na kikao kizima cha wazee kilimuuliza baba yake swali moja tu: karatasi iko wapi?

Mzee yule alikufa akilima kwa kibarua shamba lake mwenyewe. Waliokaa kwenye kikao kile na kunyamaza, wengi wako hai. Wengine wananunua gazeti hili. Fanny anawajua kwa majina, na kila akikutana nao sokoni anawasalimu vizuri sana, mpaka wanaona aibu.

Basi, mwezi wa saba simu yake ilianza kuota mambo.

Kwanza zilitokea picha ambazo hakuzipiga. Shimo jekundu ardhini. Wanaume wenye tochi vichwani, matope hadi kwenye kope. Mtoto mchanga ndani ya beseni la njano, anacheka hana jino. Fanny alidhani zimetoka kwenye kikundi fulani cha WhatsApp. Yule wa beseni alimpendeza, akawaonyesha akina mama wauza samaki.

"Eh, Fanny, umezaa bila kutuambia?" walimtania. "Na Kiswahili yako ya Tanzania, huyu mutoto atasema *shikamoo* kabla ya kutambaa!"

Alicheka nao. Hakujua kwamba wakati zile zinaingia, nyingine zinatoka.

Alijua mwezi wa nane, Nibizi alipokuja mbio. Nibizi ni mjane, mkimbizi kutoka Burundi, mama wa watoto wanne. Alikuwa amekodi shamba kwa mzee Anatole kwa misimu sita. Mzee alifariki mwezi wa tano, na mpwa wake, Lionel, akaja kusema marehemu alitoa msimu mmoja tu, hivyo mama afungashe majembe yake. Karatasi ya Nibizi ilikuwa imeliwa na mchwa, ikabaki pembe yenye tarehe. Chifu alikuwa amepanga kikao Jumamosi. Baada ya hapo mvua za kupanda zingeanza, na aliye nje ya shamba angebaki nje na njaa yake.

"Dada Fanny, fungua simu," Nibizi alisema. "Karatasi yangu iko kwako."

Fanny akafungua. Haikuwepo. Akatafuta picha ya mpaka, haikuwepo. Picha ya watu, haikuwepo. Akarudi nyuma mwezi kwa mwezi. Familia arobaini na moja zilikuwa zimefutika.

Kufikia jioni ya siku ile kambi ilikuwa imejaa maneno. Kwamba Fanny ni mwenyeji, na wenyeji hawaachani. Kwamba Lionel amempa kitu afute. Nibizi mwenyewe alimwambia usoni, "Niambie tu kama walikununua, nijue nilie kwa nani."

Fanny anasema maneno yale yalimuuma kuliko njaa yote ya kambini. Jina lake ndilo mtaji wake. Mpiga picha asiyeaminiwa ana kioo tu mkononi.

Hakulia. Alikwenda kwa Bertin.

Bertin anatengeneza simu karibu na soko, na ni mtu ambaye nusu ya Baraka imempa siri zake bila kufikiri. Ukinunua simu, yeye ndiye anakufungulia akaunti. Neno la siri analichagua yeye, analiandika kwenye daftari lake la mistari, na wewe unaenda zako ukishukuru. Ukilisahau, unarudi, anafungua daftari, anakusomea mbele ya wateja wengine.

Bertin aliingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Fanny, mahali panapoonyesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Vilikuwa viwili. Cha kwanza, simu aliyoishika. Cha pili, simu nyingine iliyoingia mwezi wa saba.

Fanny alilitambua jina la simu hiyo. Ilikuwa simu yake ya zamani, iliyopasuka kioo, aliyomwachia Bertin kama chuma chakavu.

"Bertin. Hii si ilikufa?"

Bertin alikuna shingo. "Niliifufua, dada Fanny. Nikauzisha kwa muntu wa Misisi, kule ku machimbo. Sasa wakati niliisafisha, ikaomba neno ya siri ya mwenyewe wa kwanza, ikakatala kufunguka. Bon... nikaangalia ku daftari."

"Ukaifungua na akaunti yangu."

"Simu ilikuuliza! Ilikutumia ujumbe, kama ni wewe. Ukajibu *Oui*."

Alikuwa amesema kweli. Fanny alikumbuka siku yenyewe: yuko shambani, jua linamchoma, watu wanangoja na karatasi vifuani. Aliibonyeza *Oui* kama anayefukuza nzi.

Bertin akanyoosha kidole amkate mtu wa Misisi kwenye akaunti pale pale. Fanny akamshika mkono.

"Ngoja. Kapu ya vitu vyenye vilifutwa iko wapi?"

Wakaifungua. Picha zilizofutwa hukaa humo siku kadhaa kabla ya kupotea kabisa. Zilikutwa za familia kumi na mbili, wakazirudisha. Nyingine, pamoja na za Nibizi, zilikuwa zimemwagwa moja kwa moja. Yule mtu alikuwa amelisafisha kapu ili simu yake ipate nafasi, na anachofuta kwake kinafutika kwa Fanny pia.

"Mukate," alisema Bertin. "Ni mwizi."

"Mwizi hapigi picha mutoto wake ndani ya beseni," alisema Fanny. "Nikimukata sasa, nitamupata wapi? Namba yake unayo?"

Bertin hakuwa nayo. Daftari la maneno ya siri ya watu analo, la namba za wanunuzi hana.

Hapo ndipo Fanny alipofanya jambo ambalo Baraka inalizungumzia mpaka leo. Alichukua kipande cha katoni, akaandika kwa makaa, herufi kubwa: PICHA UNAFUTA NI MASHAMBA YA WATU. NIPIGIE. Chini akaweka namba yake. Akasimama nje ya kibanda cha Bertin, katoni kifuani, akamwamuru Bertin ampige picha kwa simu ileile.

Kwa kuwa kila kinachoingia kwenye simu moja kinatokea kwenye nyingine, picha ile ilisafiri peke yake mpaka Misisi, ikapita barabara ambayo pikipiki zinazama, bila kulipa mtu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, simu ililia.

"Allô? Ni mama wa katoni?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyeogopa. "Mi naitwa Wilfried. Mi ni creuseur, nachimba dhahabu huku Misisi. Mama, kumbe uko muzima?"

"Kwa nini nisikuwe muzima?"

"Nilinunua simu, nikaona bantu wengi ndani, na majembe, na karatasi. Nikasema mwenyewe wa simu alikufa mu vita. Picha za karatasi zenye hazina bantu nilifuta, simu ilijaa. Lakini bantu... muntu hawezi kufuta bantu benye balikufa hivi hivi. Nilibahamisha ku carte mémoire kwanza, njo nikafuta."

Fanny alikaa chini, juu ya tofali. "Wilfried, baba wa mutoto wa beseni. Ile kadi iko wapi?"

"Iko mu simu. Iko hapa."

Wilfried alipanda kilima kinachoshika mtandao na kuanza kutuma. Picha zilifika moja moja, kwa taratibu ya kukera. Karatasi zilizopigwa peke yake zilikuwa zimekwenda. Ila kila picha ya tatu, ile ya watu, ilikuwepo, na katika kila moja mkulima ameishika karatasi kifuani, maandishi yanasomeka neno kwa neno.

Picha ya Nibizi ilifika ya ishirini na tatu.

Jumamosi, kikaoni, Lionel alikuwa amevaa koti. Aliposikia kuna picha, alicheka. "Picha haina mudomo, chifu. Hata mi naweza kusimama na karatasi."

Chifu aliisogeza simu karibu na macho, akasoma kwa sauti: misimu sita, mpaka mwezi wa pili wa 2027, sahihi ya Anatole. Kisha akaendelea kutazama, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Lionel. Huyu mwenye kushika kamba nyuma ya mujomba yako, na kofia nyekundu, ni nani?"

Kofia ile Baraka nzima inaijua.

"Ni... ni mi, chifu."

"Basi mudomo ni huo."

Watu walicheka hadi Lionel akavua koti. Nibizi alibaki shambani mwake. Alimfuata Fanny, akamshika mikono yote miwili. "Nilikutukana, dada."

"Uliuliza," Fanny alimjibu. "Baba yangu angepata muntu wa kuuliza wazee vile, tungekuwa na shamba leo."

Kazi haikuishia hapo. Fanny alimuaga Wilfried vizuri: alimsaidia kwa simu kufungua akaunti yake mwenyewe, akangoja ahamishe picha za mtoto, ndipo akaitoa ile simu ya pili na kubadilisha neno la siri. Jumatatu yake alikwenda kwa Bertin na wanawake wapatao sitini, wenyeji na wakimbizi, wauza samaki na wakulima. Kila mmoja alidai ukurasa wake.

"Bamama, mutaharibu daftari yangu!" Bertin alilalamika.

"Ni yako kutoka lini?" aliuliza Mama Félicité, akichana.

Sasa kila Jumamosi, baada ya picha za mashamba, Fanny anawakalisha watu sokoni nusu saa. Wanafungua orodha ya vifaa, wanavisoma majina. Wiki tatu za kwanza walikuta simu tisa zisizojulikana. Moja ilikuwa ya mume wa mtu, na hiyo ni habari nyingine.

Mpango wake ni mashine ya kuchapa picha inayotumia sola. Anataka kila familia kati ya zile 188 iwe na karatasi yake, mwenye shamba awe na yake, na chifu abaki na yake. Ameshaweka akiba karibu nusu ya bei. "Kumbukumbu ya bantu wote ku simu ya muntu moja ni ujinga," anasema. "Ujinga wangu. Nimeuacha."

Na wako utauacha lini?

Hukufika mwisho wa habari hii ili utikise kichwa na kusema pole. Simu iko mkononi mwako au mfukoni mwako. Itoe. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yako, usome jina kwa jina. Usilolijua, liulizie, kisha lifute. Neno la siri lililo kwenye daftari la mtu mwingine, libadilishe kabla hujalala.

Na kama una shamba linalolimwa na mkimbizi, mvua haijaanza. Nenda leo ukasimame naye mpakani, karatasi kifuani, uangalie mbele.