Nyoka Hushikwa Kichwani

Kra, kra, kra, kra. Mtu alikuwa anakokota mnyororo juu ya chuma, polepole, kama mwenye siku nzima mkononi. Kisha kimya, kifupi, kiasi cha kumeza mate. Halafu watu wakapiga kelele kwa pamoja, kelele iliyoanzia juu, ikaporomoka, ikapotea nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba. Mnyororo ukaanza tena.

Nilikuwa uani kwa mama, Bariadi, ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi, begi bado begani.

"Mama, hiyo nini?"

Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Treni."

"Treni gani? Reli iko Malampaka."

"Hii haijui Malampaka. Inapanda, inashuka, inapinda, inarudi palepale ilipotoka. Watu wazima wanalipa wasiende popote."

Niliweka begi chini. Nadhani hata sikumsalimia vizuri.

Ilikuwa imesimikwa kwenye kiwanja cha wazi, mahali ambapo msimu wa pamba ukiisha watu huwa na muda na vijisenti. Fundi mmoja kutoka Mwanza alikuwa ameichomelea kwa mabomba, akaipaka rangi ya kijani yenye madoa ya manjano, na mbele akaiwekea kichwa cha nyoka chenye ulimi wa mpira wa tairi. Mabehewa sita, kila moja na viti viwili. Mji mzima uliiita Joka. Kilima chake kikubwa kilikuwa juu kuliko mikaratusi ya jirani, au mimi niliona hivyo, kwa sababu mimi ni mwoga.

Niseme wazi tangu mwanzo. Naogopa vitu vya namna hii kwa mwili mzima. Mnyororo ukianza kutuvuta juu, vidole vyangu vya miguuni hujikunja ndani ya viatu. Katikati ya mlima naanza kumwahidi Mungu mambo. Kileleni, pale behewa linaposita kabla ya kuanguka, najiona mjinga kuliko wajinga wote wa mkoa wa Simiyu. Halafu linaanguka, na tumbo langu linabaki juu, na kitu fulani kinapasuka kifuani, kama dirisha lililofunguliwa kwa teke, na mimi nalia na kucheka kwa mdomo mmoja. Nikifika chini magoti hayanibebi. Nayavuta hivyohivyo mpaka kwenye foleni, napanda tena.

Nimejaribu kutenganisha hofu na raha pale juu, kama mama anavyotenganisha mchele na mawe. Sijaweza. Nikiitoa moja, nyingine inaondoka nayo.

Siku ile nilipanda mpaka sauti ikakauka. Lakini kila mara nilikaa nyuma, mkiani, nijifiche nyuma ya migongo ya watu. Kiti cha mbele kabisa, nyuma ya kile kichwa cha nyoka, mara nyingi kiliondoka kitupu. Dada aliyekatisha tiketi alinicheka: "Wewe unashinda hapa kama kuku kwenye mtama, lakini mbele huendi!"

"Nitakwenda kesho."

"Kesho ya lini?"

Nyumbani nilimkuta mjomba, kaka yake mama, amefika kutoka Zagayu kuonyesha mkono wake hospitalini. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mjomba," akaitikia akitabasamu, lakini hakunyanyuka. Mkono wa kulia alikuwa ameutundika kwenye kipande cha khanga kilichofungwa shingoni. Mama alimkatia nyama vipande vidogo vidogo kama mtoto.

Huyu alikuwa mtu mkubwa wa mbina, ngoma zetu za baada ya mavuno. Alicheza na chatu. Makundi mawili hucheza kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na hakuna mwamuzi: watu wenyewe huamua kwa miguu yao, wanakimbilia kule kwenye ajabu kubwa zaidi. Mjomba alipoinua chatu wake juu ya kichwa, upande wa pili ulibaki na wapiga ngoma na mbwa. Nikiwa mdogo nilitembea mjini kwa maringo kwa sababu yake.

Msimu uliopita, katikati ya mchezo, chatu alimzunguka mkono na shingo, akakaza. Wanaume kadhaa walimnasua. Tangu hapo mjomba hakucheza tena. Mkono, alisema. Mkono hauna nguvu, hauwezi hata jembe. Chatu alibaki kwenye sanduku lake, analishwa tu. Sasa wenzake wa kikundi walikuwa wamempa neno la mwisho: mbina ya Jumamosi. Akishindwa kucheza Jumamosi, chatu anapewa mtu mwingine, na mtu huyo alishajulikana. Mama alinieleza haya jikoni kwa sauti ya chini.

"Na daktari amesemaje?"

"Kila anayemwona anasema mkono ni mzima. Yeye anasema unauma." Akafunika sufuria. "Mtoe nje kesho. Kila akija hukaa humu kama kuku anayeatamia. Mpeleke hata kwenye hiyo treni yenu ya wasioenda popote."

Basi nilimpeleka, na kusema kweli nilikuwa na shida yangu: nilitaka mtu wa kukaa naye mbele.

Hata kabla hatujafika, vijana wa foleni walimtambua.

"Oya, mzee wa chatu huyo!"

"Shikamoo mzee! Leo umekuja kumwona ndugu yake?"

"Hili halina meno, mzee, panda tukuone!"

Mjomba alilizunguka Joka lote, taratibu, kutoka kichwani mpaka mkiani, akarudi upande wa pili. Alivua viatu. Kisha akamwendea fundi, aliyekuwa ameinamia injini, akamuuliza bila kucheka:

"Limekula?"

Fundi akanyoosha mgongo. Akatutazama. Alikuwa mtu mwepesi wa utani. "Limekula dizeli asubuhi, mzee."

"Limeshiba sana, au kiasi?"

Foleni nzima ilikufa kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anauliza nini. Nyoka mwenye njaa hashikwi. Aliyevimbiwa naye hashikwi, utamuumiza na yeye atakukasirikia. Hilo ndilo swali la kwanza la kazi yake, na alikuwa amelikosa kwa mwaka mzima.

"Kiasi," fundi akasema.

"Haya. Twende."

Nilielekea mkiani kwa mazoea. Mjomba akanishika bega kwa mkono wa kushoto. "Wapi huko? Nyoka hushikwa kichwani. Ukimshika mkia, yeye ndiye anayeamua."

Kwa hiyo nilikaa mbele, mara ya kwanza maishani, kwa amri ya mjomba. Mbele yetu hapakuwa na mgongo wa mtu, palikuwa na kichwa cha bati, kisha hewa. Chuma cha kujishikilia kikashushwa juu ya mapaja yetu. Kra, kra, kra. Niliona mabati ya mji yakishuka, nikaona milima myeupe ya pamba kwenye ua wa kiwanda, nikaona barabara ya Maswa imenyooka kama uzi uliovutwa, na mbali upande wa Itilima nchi tambarare ya rangi ya simba. Nilikuwa tayari namwahidi Mungu mambo.

"Mjomba, naogopa."

"Kaa kimya," akasema, na sauti yake haikuwa yake.

Joka likasita. Kimya. Kisha likatumwaga.

Nimeandika kurasa nyingi tangu nijifunze kuandika, na sijapata neno la pale mbele. Sikuanguka nyuma ya mtu, nilianguka mimi wa kwanza, dunia yote ikinijia usoni wazi. Nililia. Nilifurahi mpaka meno yakaniuma. Na pembeni yangu nikasikia sauti ya mtu mzima inamwita mama yake, bibi yangu, aliyelala kaburini zamani:

"Mayuuuu!"

Tulipinda, tukapanda kilima kidogo, tukashuka, tukapinda. "Mayu, mayu, mayu!" Halafu magurudumu yakapiga kelele na tukasimama. Watu walikuwa wanapiga makofi na miluzi. Mimi nilikuwa natazama kifundo cha mkono wangu. Kilikuwa kimebanwa na vidole vyenye nguvu za mtu anayekamata ndama, na vidole vile vilikuwa vya mkono wa kulia. Kipande cha khanga kilining'inia shingoni kitupu.

Mjomba alifuata macho yangu. Akaniachia. Akaurudisha mkono kwenye khanga polepole sana, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Tulikwenda mpaka kwa muuza miwa, nyuma ya kibanda cha tiketi. Nilinunua vipande viwili. Yeye alishika chake mkononi bila kukitafuna.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Usimwambie mama yako. Mwaka mzima, kila nikija, ananikatia nyama."

Nilitaka kucheka lakini uso wake ulinizuia.

"Haukuuma hata siku moja?"

"Wiki ya kwanza uliuma. Baadaye nikifungua sanduku, magoti yanacheza. Mimi! Nikafunga sanduku nikasema ni mkono." Akatema mate pembeni. "Utawaambiaje watu kwamba umeanza kumwogopa nyoka uliyemlea mwenyewe? Wote wangekwenda upande wa pili, na mimi nyuma yao."

Mnyororo ulikuwa unavuta watu wengine. Kelele zikaporomoka, zikapita.

"Wewe ulikuwa unalia kule juu," akasema.

"Nalia kila mara."

"Na jana ulipanda tangu mchana mpaka jua linazama. Mama yako kaniambia. Mtu anaogopa kitu, kisha anakipangia foleni?"

"Sijui, mjomba. Kinachoniogopesha na ninachokipenda ni kitu kilekile. Kama singeogopa, lingekuwa treni tu."

Alitafuna kipande cha muwa, akakinyonya, akatupa makapi, kisha akafungua fundo la khanga shingoni kwa mkono wa kulia, akaikunja, akanipa niitie kwenye mkoba.

"Twende tena."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla magoti hayajatulia. Yakitulia yatanipa sababu."

Tulipanda tena, na tena, na kila mara mbele, na kila mara alimwita mama yake. Mara ya mwisho aliinua mikono yote miwili juu tulipokuwa tunaanguka. Ndipo mtu mmoja chini akapiga yowe: "Mzee wa chatu kapona mkono!"

Kesho yake asubuhi foleni ya Joka ilikuwa na watu wa aina nyingine. Mzee mwenye goti. Mama mwenye mgongo, amesindikizwa na wakwe zake wawili. Mwanamume mmoja alimuuliza fundi kama kiti cha mbele kinafaa kwa presha, na fundi, ambaye alijua kucheka lakini si mwongo, alimwambia kwa presha abaki chini kabisa. Mama yangu alisikia habari hizo sokoni, akarudi, akamtazama kaka yake anavyotafuna paja zima la kuku kwa mikono miwili. Alishukuru tu kwa Kisukuma, "Wabeja, treni," akaongeza ugali.

Jumamosi tulikuwa Zagayu. Upande wa pili walikuwa wameanza mapema na ngoma zao zilivuma vizuri, watu tayari walikuwa wengi kule. Mtu aliyetarajia kurithi chatu alikuwa nje ya chumba cha mjomba, amekunja gunia kwapani, mwenye heshima zote, anasubiri. Mjomba akamwambia, "Ngoja kidogo, ndugu yangu," akaniita ndani.

Kilikuwa chumba kidogo cha udongo chenye mlango wa bati. Alivua viatu. Alilizunguka sanduku, upande huu, upande ule. Akafungua kifuniko, na nikaona mwili mnene wa madoa ya kahawia ukijisogeza bila haraka. Mimi nilirudi mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mikono ya mjomba ilitetemeka. Yote miwili, sawasawa.

"Mjomba," nikasema, "amekula?"

"Juzi. Kuku."

"Ameshiba sana, au kiasi?"

Alicheka, kicheko kidogo cha puani, na akiwa bado anacheka akainama, akamshika nyuma ya kichwa, akamnyanyua, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka uzito wote ukalala mabegani mwake. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu aliye karibu na kilele.

"Magoti yanacheza," akasema.

"Yangu pia."

"Nikipiga kelele huko nje?"

"Nitajua umefika juu. Twende."

"Hapana, nitoke peke yangu. Tukitoka wote watasema umenishika mkono." Akasukuma mlango kwa mguu. Mwanga ukaingia. Yule mwenye gunia akaruka pembeni, mtu akapiga kelele ya kwanza, na ngoma za upande wetu zikanyamaza zote kwa pamoja, kiasi cha kumeza mate. Mjomba akatoka na chatu wake, na mlango wa bati ukajifunga nyuma yake.