Matone Manne ya Mafuta ya Cherehani

Mume wangu ana mke mwingine. Nasema mapema ili usije ukashangaa huko mbele. Mwenzangu huyo ni wa chuma, anaenea kiganjani, ana tundu kubwa na tundu dogo, na kwa umbo hilo wenyewe wanamwita nane. Kila jioni mume akirudi kazini, mimi ananisalimia kwa mdomo, yule anamsalimia kwa mikono miwili. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, sabuni ya kipande, mswaki wa zamani wa binti yetu Nasma. Anamsugua, anamsuuza, anamfuta kwa kitambaa, anamlaza kivulini akauke. Mimi nimekaa palepale na chai inapoa. Miaka tisa hiyo, jamani, na mimi ni mtu wa hasira tangu kuzaliwa.

Mume wangu anaitwa Nurdini. Tumetoka vijiji jirani huko milimani Kondoa, na ujana wake aliumalizia visimani. Alikuwa anateremshwa kwa kamba ya katani kuchimba maji, halafu anavutwa juu mwekundu kwa udongo. Tulipohamia Msalato, mjini Dodoma yalikuwa yanaota maghorofa ya vioo, na vioo vinataka kuoshwa. Kampuni moja ikatafuta watu wasioogopa kuning'inia. Nurdini akasema, mimi nimeshuka gizani miaka kumi, nitashindwa kushuka kwenye mwanga?

Kazi yenyewe iko hivi. Anafunga kamba kwenye paa, anavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, kamba anaipitisha kwenye nane, na nane anaiunganisha na mkanda kwa pete ya chuma yenye kufuli la kuzungusha. Halafu anawapa mgongo watu wa chini na kushuka taratibu na ndoo yake. Nane ndiyo breki. "Mama Nasma," aliniambia mara mia, "kinachonishika pale ni ule ugumu wa kamba kupita. Kamba ikipita kwa ulaini, mimi sina changu." Na mimi nikiitikia ee, ee, huku nahesabu vifungo vya sketi ya mtu, kwa sababu mimi ni fundi cherehani na kila mtu ana kazi yake.

Masharti yake yalikuwa yananichosha. Vumbi letu la Dodoma, eti, ni mchanga. Linaingia kwenye kamba, kamba inakuwa msasa, na msasa unakula chuma. Kwa hiyo kila asubuhi lazima apitishe ukucha pale kamba inapopita kwenye nane. Ukucha ukikwama kwenye ukingo uliolika, chuma hicho kimestaafu. Siku moja nane yake ilimponyoka kutoka paani ikatua kwenye zege. Akaja nayo nyumbani, nzima, haina hata mkwaruzo wa kueleweka, akaikata katikati kwa msumeno. Nilipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Akanijibu bila hata kuniangalia, ameinamia vipande anatafuta ufa, "Ufa mwingine hauonekani kwa macho. Na nikiitupa ilivyo, mtu ataiokota ashuke nayo kisimani."

Hata mashati yake nayashona mimi kwa masharti. Yasiwe na kamba shingoni, yasiwe na pindo linalopepea, mikono iwe ya kubana, kwa sababu nguo ikinyonywa na nane pamoja na kamba, mtu anakwama hewani hapandi hashuki. Nimeshona mashati kumi na moja ya namna hiyo. Ukimwona Nurdini mtaani utadhani mkewe ana uchoyo wa kitambaa.

Miaka miwili hii ya mwisho alianza kuchoka. Sisemi kuchoka kwa siku, nasema kule kuchoka ambako usingizi haukuondoi. Goti la kulia linalia akiinuka kwenye sijda. Bega limeshuka upande mmoja. Mimi nikaanza kumwombea kila swala: Mola wangu, mshushe huyu mtu salama, umpe kazi ya ardhini. Na kumwambia nilimwambia. Akaniwekea ahadi, tena mbele ya Nasma. "Siku nitakayoshindwa kuosha nane yangu kwa uchovu, siku hiyo nimemaliza kazi ya kamba. Mtu asiye na nguvu ya kuosha chuma hana nguvu ya kuning'inia nacho." Nikaishika ahadi hiyo, nikawa nasubiri.

Sasa ikaja wiki ya jengo moja la ghorofa kumi. Linazinduliwa Ijumaa, na upepo wa mwezi wa nane unapiga, wanachoosha asubuhi mchana kimeshakuwa chekundu. Jumatano alirudi jua bado liko juu ya paa la jirani. Hakuvua hata viatu. Alikaa mkekani, akaegemea ukuta, nikaenda kuchukua chai, niliporudi amelala mdomo wazi. Begi liko mlangoni. Nane iko ndani, na vumbi lake.

Ningetakiwa kufurahi, si ndiyo? Siku niliyoiomba ndiyo hiyo imefika. Ningemwacha tu alale, aamke aikute chafu, aone mwenyewe. Lakini nilimtazama zile nywele zilizojaa vumbi na ile mikono iliyochanika, nikamwonea huruma mpaka hasira ikaniisha. Nikasema moyoni, leo tu, nimsaidie. Nikachukua beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki. Nikamsugua mke mwenzangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifanya kila kitu kama anavyofanya yeye, maana miaka tisa ya kununa pembeni ni shule tosha.

Ningeishia hapo. Ila nilipozungusha lile kufuli la pete nikasikia linakwaruza, krr, krr. Na mimi, haki ya Mungu, siwezi kusikia chuma kinalia nikakaa kimya. Aliyenifundisha cherehani alikuwa ananipiga rula vidoleni mashine ikilia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kichupa cha mafuta ya cherehani, mepesi, meupe kama maji, hayana hata harufu. Matone mawili kwenye kufuli. Mawili nikaipaka nane yote kwa kitambaa, ikang'aa, nikaona raha. Miaka yote hiyo mume wangu anaosha chuma hajawahi kukipa tone la mafuta, na mimi nikadhani amesahau. Nilimcheka.

Asubuhi akaikuta juu ya kigoda imefungwa kitambaani, akakifunua. "Umeiosha wewe?"

"Kwani kuna mwingine humu?"

Akatabasamu, na tabasamu lenyewe sikuwa nimeliona mwezi mzima. "Ahsante, Mama Nasma." Akaitia kwenye begi vilevile, ndani ya kitambaa nilichoifungia. Hakupitisha ukucha. Niliona kwamba hakupitisha, nikajisikia vizuri, kwamba leo ameniamini.

Saa tatu nikakaa kwenye cherehani. Nikaitia mafuta mashine, nikachukua mkasi kukata kitambaa cha majaribio, na mkasi ukaniponyoka. Vidole vina mafuta. Nikauokota, ukaniponyoka tena, ukaenda ukalala chini. Nikautazama. Kamba ikipita kwa ulaini, mimi sina changu. Yaa Rabi! Nilisimama nikaangusha kiti.

Nikapiga simu, inaita tu. Akiwa kwenye kamba simu anaiacha chini kwenye begi, kwa sababu simu ikianguka kutoka ghorofa ya tisa inaua mtu. Nikampigia Abeli, kijana wa Kibakwe anayefanya naye kazi, naye vilevile. Nikatoka na kanga moja, nikasimamisha bodaboda. "Mjini, haraka." Akaniuliza mjini wapi mama, nikamfokea kama vile yeye ndiye aliyepaka mafuta. Njia nzima kutoka Msalato nilikuwa nasema maneno yaleyale, asiwe ameanza, asiwe ameanza.

Alikuwa ameanza. Watu wamejikusanya chini ya jengo wanatazama juu, na usawa wa ghorofa ya saba shati langu namba kumi na moja linaning'inia, halisogei. Ndoo inajizungusha peke yake. Nikakaa chini palepale kwenye mawe.

"Shemeji, mzima yule!" Abeli alikuwa anapiga kelele kutoka juu ya paa. "Mzima! Fundo limeshika!"

Nikaja kuelewa baadaye. Chini ya nane huwa wanazungushia kamba kubwa kijikamba chembamba kilichofungwa kwenye mkanda, fundo la akiba, na mkono unakaa juu yake kulilegeza wakati wa kushuka. Ukiliachia, linajikaza. Nane ilipoteleza, Nurdini alishuka ghorofa moja na nusu kwa kasi, glavu ikaungua. Kila kiungo cha mtu anayeanguka kinataka kushika kwa nguvu, na ukishika ndiyo umelizuia fundo lisikaze. Yeye amewafundisha wenzake miaka yote, ukiteleza, achia. Akaachia. Na fundo lilikuwa kwenye kamba ambayo ilikuwa haijafika kwenye chuma, haijaonja mafuta yangu. Hiyo ndiyo iliyomponya, basi, hakuna muujiza mwingine.

Abeli akamteremshia kamba nyingine na nane nyingine. Akashuka taratibu, nami namhesabia ghorofa. Alipogusa ardhi, msimamizi wao, dada mmoja anaitwa Angelina, akaichukua ile nane akaipitishia kidole. Akasugua kidole na kidole.

"Mafuta," akasema. "Nani kaweka mafuta hapa?"

Nikafungua mdomo. Nurdini alikuwa ameshaniona, na kanga yangu moja na miguu yangu pekupeku. Akawahi yeye. "Mimi."

"Wewe?" Angelina hakupaza sauti, na ningefurahi kama angepaza. "Wewe unayewafundisha wote hawa kwamba hata mafuta ya mikono yasiguse kamba? Nurdini?" Abeli naye akateremka, akasema, "Kaka, nilikuuliza asubuhi umekagua, ukanijibu imeoshwa." Nurdini akasema ndiyo, nilikujibu hivyo. Vijana aliowafundisha wanatazamana, mmoja akacheka pembeni. Mume wangu hana shamba kubwa wala nyumba ya maana, ana jina tu kwamba ni mtu makini, na jina lenyewe nililiona linavuliwa pale mchana kweupe, na mimi nimesimama kimya. Sikuwa na ujasiri. Naona aibu mpaka leo kulisema hilo.

Angelina akaamuru kamba ile nayo itolewe kazini, akamwambia Nurdini aende nyumbani, kesho wataongea. Nane akamrudishia. Tukarudi Msalato.

Nyumbani akaomba msumeno. Akakaa kizingitini, akaibana nane kwa unyayo, akaanza kukata. Nikapiga magoti mbele yake nikalia nikasema yote, kufuli, kichupa, kitambaa, jinsi nilivyomcheka.

"Matone mangapi?" akauliza.

"Manne."

"Basi hayakuwa mengi." Akaendelea kukata. Baadaye akasema, "Acha kulia. Wewe si mtu wa kamba, utajuaje? Mimi ndiye niliyeona inang'aa. Miaka tisa sijawahi kuiona nane inang'aa vile, ningejua hata nikiwa nimefumba macho. Nilijua kuna kitu, Mama Nasma. Nikawa sina nguvu ya kuuliza."

Msumeno ukasimama. "Siku ile nilisema nini mbele ya Nasma? Kwamba nikishindwa kuiosha?"

Nilikumbuka kila neno. Nimeliomba hilo kwenye kila sijda, na sasa limekuja limekaa kizingitini na vumbi kichwani, nami natamani lirudi lilikotoka. Maana alikuwa mzee. Jana hakuwa mzee, au mimi ndiye niliyekuwa sijamwangalia vizuri, namtazama mke mwenzangu tu.

"Sema wewe," akaniambia. "Mimi siwezi kujisemea."

Nikafuta pua kwa kanga. "Umechoka, Baba Nasma. Shuka."

"Haya."

Akavuta msumeno mara tatu za mwisho. Vipande viwili vikaanguka sakafuni, vikalia, na safari hii hakuinama kuangalia kama vina ufa.