Baraka Niliyobeba Mikononi Hadi Ruiru

Kaka yangu alijifunza gitaa vitani Burma, kwa mwanajeshi mweusi wa Amerika. Nyimbo hizo za huzuni waliziita bluzi. Aliporudi alizipiga kwa Kikuyu katika klabu moja ya Ruiru, na wachuma kahawa walimsikiliza wamekaa tu, bila kucheza. Mzungu mmoja mpiga piano akamsikia, akamwitia kazi Uingereza. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, Mkikuyu hata kuvuka mto alihitaji pasi, lakini karatasi za jeshi zilimsaidia.

Majina ya wote hawa ninayo kichwani, hata la homugadi, mgambo wa serikali, nitakayemtaja. Siyaandiki, kwa sababu wajukuu wao ni majirani zangu.

Kwetu mtu haendi mbali kabla baba yake hajamtemea mate kifuani na kumwombea. Akienda hivyo hivyo, ni kama amefukuzwa. Kwa hivyo kaka alikuja kijijini kwetu, nje ya Thika, kile serikali ilichokizungushia handaki. Baba alikuwa mzee wa kanisa.

"Nikubariki na hiyo gitaa ya walevi?" baba akamwambia. "Iache hapa kwanza."

"Nikiiacha, baba, huko wananiitia nini? Uzuri wa uso?"

Baba hakucheka. Kaka akaondoka na gitaa yake.

Asubuhi ya safari baba alikuwa ameshalainika. Alienda kwa hedimani, mkuu wa kijiji, kuomba pasi, akanyimwa. Mimi nilikuwa na yangu, nilichuma kahawa Ruiru. Basi baba akatema mate kwenye viganja vyangu, akaomba, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Mpelekee. Usifungue mpaka uguse kifua chake."

Turnboi, utingo wa lori la shamba, alinipandisha kwa kunivuta viwiko. "Huyu ameshika nini, sukari ya kuiba?" Wanawake wakacheka. Mimi niliogopa hata kujikuna.

Karibu na Ruiru tulisimamishwa. Homugadi mmoja akaniambia nifungue mikono.

"Siwezi. Ni baraka za baba."

"Wacha tuone kama hizo baraka ni za risasi." Akanibandua vidole kwa rungu. Akachungulia. "Hakuna kitu. Haya, funga hewa yako uende."

Nilifunga tena. Mate yalikuwa yamekauka.

Kaka alikuwa amesimama stesheni, anaangalia nyuma yangu.

"Mwari wa maitu, dada yangu, baba yuko wapi?"

"Amenituma." Nikaweka viganja kifuani pake. Alifumba macho.

"Umeleta zote? Hukubakisha zako njiani?"

"Zote," nikasema.

Barua zilikuja miaka michache. Alipiga London, akapiga Paris, akatoa sahani ya santuri, akatutumia picha amevaa koti refu. Halafu akaandika kwamba kifua kinamsumbua na klabu hazimwiti tena. Halafu ikaja barua ya mtu mwingine, kutuambia amezikwa huko.

Baba aliniita nje, karibu na zizi la mbuzi.

"Siku ile, ulifika mikono ikiwa imefungwa?"

Nilikuwa mtu mzima tayari, na mtoto mgongoni. Nikasema ndiyo.

Alikaa akitazama mbuzi. "Basi ni mimi," akasema. "Nilichelewa kumpa."

Aliishi miaka mingine saba, na mimi nikamwacha aamini hivyo.